Kipa wa tatu, miaka 21: nisubiri zamu yangu au niende kwa mkopo?

Shikamoo kaka,

Mimi ni kipa, nina miaka 21, nipo Dar es Salaam kwenye klabu moja ya Ligi Kuu Bara ambayo naomba nisiitaje. Nilipandishwa kutoka timu ya vijana na mkataba wangu umebaki miezi 18. Tupo makipa watatu, mimi ndiye wa tatu. Msimu uliopita sikucheza hata dakika moja ya ligi. Msimu huu nimedaka mechi mbili za kirafiki, basi.

Katika ile ya pili nilitoka kufuata kona nikagongana na beki wangu mwenyewe, mpira ukanipita juu ya mikono, wakafunga. Tangu siku hiyo krosi ikipigwa miguu inagoma, nabaki kwenye mstari. Kwenye mgongano huohuo nilishtua kidole gumba cha mkono wa kushoto. Kilivimba kama wiki hivi, sasa hakiumi sana, ila nikifungua chupa ya maji naona hakina nguvu.

Timu ya Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, inanitaka dirisha dogo la usajili la katikati ya msimu, kwa mkopo hadi mwisho wa msimu. Kocha wa makipa anasema nibaki, nijifunze kwa walio mbele yangu, zamu itafika kama ilivyomfikia Ally Salim. Kiongozi mmoja anasema nikitaka kwenda niongeze kwanza mkataba wa miaka miwili. Baba anasema mpira gani huu wa kusugua benchi, nirudi nyumbani nikasomee umeme. Na mtaani wananiambia kwa urefu wangu wa mita 1.80 sifiki popote, siku hizi wanatakiwa makipa wa mita 1.90.

Kaka, nifanye nini?

Kipa wa tatu, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba mdogo wangu.

Nenda kwa mkopo. Ila usiende na hofu hiyo ya krosi kama ilivyo, usisaini nyongeza ya miaka miwili kwa sababu tu umeambiwa, na usivae glavu tena kabla hicho kidole hakijaonwa na daktari. Nitafika kote huko.

Mfano aliokupa kocha wako ni wa kweli, lakini umeupata nusu. Aprili 2023 Aishi Manula, kipa wa kwanza wa Simba, aliumia, na Ally Salim, aliyekuwa kipa wa tatu wa klabu hiyo, akasimama langoni dhidi ya Yanga. Simba ikashinda 2-0. Siku chache baadaye akadaka robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Wydad, Dar na kisha Casablanca, hadi mikwaju ya penalti. Mlango ulipofunguka alikuwa tayari, na heshima hiyo hakuna wa kumnyang'anya. Sasa soma na nusu ya pili. Ili kipa wa tatu acheze, wawili walio mbele yake lazima wakosekane kwa wakati mmoja. Na hata baada ya mechi zile, dirisha kubwa lililofuata Simba ilimsajili Ayoub Lakred kutoka Morocco. Beki wa akiba huingia dakika ya 70 mwenzake akichoka, winga huingia timu ikitafuta bao. Kipa hatolewi kwa uchovu. Huwezi kuijenga kazi yako juu ya majeraha ya wenzako.

Kuna jambo jingine ambalo makipa wa tatu hawalisemi kwa sababu linaonekana kama kudeka. Mazoezi ya kipa wa tatu yanamharibu. Wa kwanza na wa pili wanapofanya kazi na kocha wa makipa, wewe ndiye unayepelekwa kwa washambuliaji wakapige mashuti. Mpira mmoja baada ya mwingine kutoka mita 10 au 12, bila beki mbele, bila krosi, bila sekunde ya kupanga ukuta. Baada ya shuti la ishirini miguu imechoka, unaanza kuanguka kabla mpira haujapigwa, na mipira mingine unaiacha ipite kwa kuwa haina maana. Mikono yako inabaki mizuri. Kinachooza ni maamuzi: nitoke au nibaki, nidake au nipangue, nianzishe haraka au nitulize. Maamuzi hayo yanakomaa kwenye mechi yenye pointi, mbele ya watu wanaokuzomea, na kwa kipa wa miaka 21 mechi za namna hiyo zina thamani kuliko nembo yoyote iliyo kifuani.

Nusu ya pili ya msimu wa Championship ni kama mechi 15. Ukidaka 12 kati ya hizo, utakuwa umekutana na kona, faulo za pembeni na washambuliaji wanaokujia peke yao mara nyingi kuliko utakavyokutana nazo kwa miaka miwili ya kusubiri ulipo.

Tena kazi ya kipa ni ndefu, usihesabu miaka kama winga. Denis Onyango wa Uganda alikuwa Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini tangu 2011, akapitia benchi, akapelekwa kwa mkopo Bidvest Wits, akarudi. Ubingwa wa Afrika aliutwaa na Sundowns mwaka 2016 akiwa na miaka 31, na mwaka huo akachaguliwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Essam El-Hadary wa Misri alidaka penalti kwenye Kombe la Dunia la 2018 akiwa na miaka 45. Ukiwa na miaka 21 hujachelewa. Ila ukifika 25 na huna mechi 40 za ligi yoyote, hapo makocha watakuogopa, na watakuwa na sababu.

Urefu sasa. Watu wa mtaani hawajakosea kabisa, klabu nyingi zinapendelea kipa mrefu na utakutana na kocha ambaye hatakuangalia mara mbili. Lakini hebu tupige hesabu. Mtambaa wa panya, ule mwamba wa juu wa lango, upo mita 2.44 kutoka chini. Mtu wa mita 1.80 akisimama na kunyoosha mikono juu anafika karibu mita 2.30. Ukiruka sentimita 50 tu, vidole vyako vipo mita 2.80. Mshambuliaji wa mita 1.90 akiruka sentimita 60, utosi wake upo mita 2.50. Una sentimita 30 juu yake, na kanuni zinakuruhusu kutumia mikono wakati yeye anatumia kichwa. Mpira uliokupita haukukushinda urefu, ulikushinda wakati. Juma Kaseja hakuwa kipa mrefu. Alikuwa langoni Simba ilipowatoa Zamalek, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika, kwa penalti mwaka 2003, na Agosti 2019 alikuwa bado langoni Taifa Stars ilipoitoa Kenya kwa penalti 4-1 kule Nairobi. Miaka 16 katikati, kwa kimo kilekile.

Kilicho kweli ni kwamba kipa mfupi hana nafasi ya kuchelewa. Wa mita 1.92 akikosea hatua moja, mikono inamwokoa. Wewe hatua hiyo unailipia bao. Kwa hiyo tuitengeneze krosi yako kuanzia chini.

Uligongana na beki wako mwenyewe. Hilo linapotokea, mara nyingi kipa hakupiga kelele, au alipiga akiwa tayari njiani. Neno ni moja, "Kipa!", na linatoka kabla ya hatua yako ya kwanza, kwa sauti inayosikika hadi benchi. Ukiamua kubaki, neno ni "Toa!", na lina uzito uleule. Beki asiyesikia kitu anasita, na beki anayesita ndiye unayegongana naye.

Kisha tazama unaposimama. Kipa mwenye hofu huvutwa na mpira: anasogea nguzo ya karibu na kumkabili mpigaji kifua wazi. Hapo nguzo ya mbali umeshaiuza, kwa sababu kurudi kinyumenyume huku unaangalia juu ni kazi ngumu kuliko kwenda mbele. Kwa krosi ya pembeni simama katikati ya lango au nusu hatua kuelekea nguzo ya mbali, hatua moja au mbili mbele ya mstari. Fungua mwili: mguu ulio upande wa mpira uelekee mpigaji, wa pili uelekee uwanjani, ili uone mpira na wakati huohuo uone anayekimbilia mgongoni mwa beki wako wa mwisho. Kwa kona inayopindia ndani usizidishe hatua moja kutoka mstarini.

Halafu subiri. Hapa ndipo kwenye kazi yenyewe. Kipa aliyeumizwa na krosi hujifunga mstarini, au siku anayojilazimisha huondoka kabla mpira haujapigwa ili jambo liishe haraka. Yote mawili ni hofu ileile. Mguu wako wa kwanza usiondoke mpaka umeona mpira umetoka mguuni mwa mpigaji na umejua unashukia wapi. Mpira unaopindia ndani hukunyima muda, hivyo mara nyingi unapangua. Unaopindia nje ndio mtego: unaonekana wako, unaufuata, nao unazidi kukukimbia hadi unajikuta nusu njia, lango tupu nyuma yako. Huo uache, rudi mstarini, jiandae kwa kichwa. Kubaki ni uamuzi halali, mradi umeamua.

Ukishaamua kwenda, nenda moja kwa moja na kwa kasi yote. Ruka kwa mguu mmoja, goti la upande wa washambuliaji lipande juu kukulinda. Mpira udakwe mbele ya uso wako, mikono imenyooka karibu yote, vidole gumba vikiwa nyuma ya mpira. Ukiudaka juu ya utosi au nyuma yake, mguso mdogo tu begani unautema. Watu wakiwa wengi, usidake: ngumi mbili pamoja, chini kidogo ya katikati ya mpira, uende juu, mbali na pembeni. Ngumi moja ni ya kuuendeleza mpira unakokwenda, usijaribu kuurudisha nayo ulikotoka.

Omba dakika 20 baada ya mazoezi, siku tatu kwa wiki, na mwenzako mmoja wa kukusaidia. Wiki ya kwanza mipira irushwe kwa mkono, 10 kila upande, hakuna mtu mbele yako, kila mpira na neno lake. Wiki ya pili ipigwe kwa mguu kutoka pembeni, 12 kila upande, na beki mmoja amesimama tu kwenye njia yako. Wiki ya tatu mtu akuguse begani unapokwenda kuruka, akiwa ameshika kigodoro cha mazoezi, kwa kiasi, asikusukume ukiwa hewani. Wiki ya nne kona halisi, watu sita ndani ya boksi dogo. Usizidishe miruko 30 kwa siku. Paja likichoka unaanza kuwahi kuondoka ili kufidia, na utakuwa unajifunza kosa lilelile unalolikimbia.

Weka daftari. Kila krosi andika: nilitoka au nilibaki, nilidaka, nilipangua au nilikosa, na je, uamuzi ulikuwa sahihi. Mpira ulioutema baada ya uamuzi sahihi unahesabika sahihi. Ulioudaka kwa bahati baada ya kuwahi kuondoka unahesabika kosa. Ukiwa mkweli na daftari hilo, baada ya wiki nne utaona hofu yako ina upande na ina aina ya mpira, haiko kila mahali kama unavyodhani sasa.

Na miguu usiisahau. Tangu 1992 kipa haruhusiwi kudaka pasi ya makusudi ya mguu kutoka kwa mwenzake, na tangu 2019 mpira wa goli unaweza kuanziwa kwa mwenzako aliye ndani ya kumi na nane. Angalia Djigui Diarra wa Yanga anavyotumia mguu: si mrefu kwa kipa, lakini mabeki wake wanampa mpira bila wasiwasi. Pasi 40 za mguu wako dhaifu kila siku zinatosha kuanzia. Ujue pia kanuni ya 2025: ukishika mpira zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona, na mwamuzi huzihesabu sekunde tano za mwisho kwa mkono ulioinuliwa.

Tuje kwenye karatasi. Kabla ya kukubali mkopo, uliza kuhusu langoni kwenyewe: kipa wao wa sasa ni nani, ana umri gani, mkataba wake unaisha lini, kwa nini wanatafuta mwingine. Kama wana kipa wa miaka 30 ambaye pia ni nahodha, unakwenda kusugua benchi lingine, la mbao safari hii. Hakuna kocha atakayeandika kwamba utacheza, na anayekuahidi hivyo kwa mdomo usimwekee maanani. Sababu ya kukutafuta ndiyo ahadi yenyewe: kipa wao ameumia, ameondoka, au wamefungwa sana. Uliza kama wana kocha wa makipa. Hawana? Mwombe wa kwako akupangie kazi, umtumie video kila wiki.

Mkopo uwe wa maandishi, umesainiwa na klabu zote mbili na wewe, nakala moja ibaki mkononi mwako. Ndani yake ionekane nani analipa mshahara na tarehe ngapi, nani anakulipia nyumba, ukiumia nani anagharamia matibabu, na kama klabu yako inaweza kukurudisha kabla ya msimu kuisha. Mahali panapoharibika mara nyingi ni mshahara: klabu hii inasema unalipwa kule, kule wanasema unalipwa huku. Chini ya kanuni za FIFA, klabu ikishindwa kukulipa angalau mishahara miwili ya mwezi, unaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali, lakini kwanza lazima uidai kwa barua na kuipa siku 15. Madai ya mdomo kwa meneja hayahesabiki. Mkataba wowote upeleke SPUTANZA, chama cha wachezaji, usomwe kabla hujasaini.

Kuhusu nyongeza ya miaka miwili, elewa kinachowasumbua. Mkataba ukibakisha miezi sita au chini ya hapo, una ruhusa kuzungumza na kusaini na klabu nyingine kwa ajili ya baadaye. Wewe una miezi 18. Ukirudi kutoka mkopo itabaki kama 12, na dirisha dogo litakalofuata upo huru kuzungumza, ukiwa na mechi mkononi. Hofu yao ina haki, na yako pia. Ningekuwa kwenye nafasi yako ningetoa mwaka mmoja, mshahara mpya ukiwa umeandikwa kwa tarakimu, si "utaboreshwa". Wakikataa, usigombane. Mkopo unawafaa wao vilevile, maana kipa asiyecheza hana bei. Na mtu akikuambia unaweza kuvunja mkataba kwa kuwa umecheza chini ya asilimia 10 ya mechi, mwambie kipengele hicho ni cha wachezaji waliokwisha kukomaa, na hata wao wanaweza kudaiwa fidia. Kwa kipa kijana wa tatu ni njia ya kujifungia milango.

Baba yako msikilize kwa jambo moja: umeme. Msimu wa Championship una asubuhi nyingi tupu. Ukipata chuo kinachofundisha jioni au kwa vipindi vifupi, anza. Kipa anayejua kesho atakula hatoki langoni akitetemeka, na mzee akikuona unasoma atakuacha udake.

Mwisho kidole, ambacho umekitaja kwa haraka kana kwamba ni kidogo. Uvimbe kuondoka na nguvu kutorudi ni dalili kwamba kano ya chini ya kidole gumba, upande unaotazama kidole cha shahada, huenda imechanika. Bana karatasi kati ya kidole gumba na cha shahada, mwenzako aivute, kisha rudia kwa mkono wa kulia. Kama kushoto inachomoka kirahisi, usifunge plasta ukaendelea kudaka, kwa sababu plasta inashikilia kidole, haiungi kano. Nenda kwa daktari wa mifupa, upigwe eksirei, na uombe maelezo ya maandishi. Kano iliyochanika kabisa inaweza kuhitaji upasuaji, na matokeo ni mazuri zaidi ikiwahiwa ndani ya wiki za mwanzo. Fanya hivyo ukiwa bado kwenye klabu yako, ambako uliumia ukiwa kazini na yenye wajibu wa kukutibu, kabla ya jina lako kuhamia kwingine na kila upande kusema jeraha ni la mwenzake. Mpaka daktari akuruhusu, wiki ya kwanza ya krosi ifanye bila mpira kugusa mikono: simama, fungua mwili, subiri, ita "Kipa!", kimbia hadi unaposhukia, uache uanguke mbele yako.